Mbwa Mwenye Goti Linalohama

Mbwa huyo alikuja kwetu kwa sababu mama yangu hawezi kumwambia mzee hapana machoni pake.

Wakati huo mama alikuwa akienda kumwogesha bibi mmoja Mzungu aliyeishi peke yake, si mbali na kwetu, mtaa wa Kingstanding huku Uingereza. Bibi akaanguka jikoni, akavunjika nyonga, na alipotoka hospitalini ikaamuliwa ahamie makao ya wazee ambako mbwa hawaruhusiwi. Alimshika mama mkono akamwomba amchukue mbwa wake. Mama akafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Akasema sawa, hamna shida, usijali, tutaona. Kwetu maneno hayo ni ya kumtuliza mzee apate kulala, na kila mtu anajua kwamba kesho yake jambo litaachwa life polepole, kwa heshima. Bibi hakujua hivyo. Jioni ya siku iliyofuata mwanawe alipiga kengele ya mlango wetu, mkono mmoja umeshika kapu lenye blanketi, na mbwa yuko kwapani kama gazeti.

Mama alimpokea. Angefanya nini, na mtu ameshafika mlangoni? Alimshukuru yule mwanamume, akafunga mlango, akamwangalia mbwa, mbwa naye akamwangalia.

"Mimi nilisema tutaona," akaniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba mbwa angesikia Kiswahili akaumia.

Nilikuwa na miaka kumi na minne na sikuwa nimemaliza mwaka mmoja Uingereza. Kabla ya hapo nililelewa na nyanya upande wa Machakos, mpaka mama alipokamilisha karatasi za kuniita. Mbwa wa kwa nyanya walikaa nje, wakala makombo, wakalala mchana kutwa kando ya ghala, na hakuna aliyewashika. Huyu alikuwa mdogo kuliko kuku wa Krismasi, wa kahawia, masikio yana manyoya marefu, macho yamejaa maji kama mtu aliyetoka kukata kitunguu. Alikuwa na jina refu la kifalme ambalo mama alikataa kulitamka. Alimwita Wewe. "Wewe, ondoka hapo. Wewe, unataka nini?" Mbwa akaanza kuitikia.

Nikisema ukweli, nilimpenda kwa sababu hakuwahi kuniambia nirudie nilichosema. Shuleni nilikuwa nikifungua mdomo, watu wanakunja uso na kusogeza sikio. Walimu walifanya hivyo kwa upole, na upole wao ndio ulionimaliza. Nikaacha kufungua mdomo. Wakati wa chakula cha mchana nilikaa maktaba na kujifanya nasoma. Nyumbani mama alikuwa ameamua tuongee Kiingereza ili nisichekwe, na tukichoka au tukikasirika tunaangukia Kiswahili. Kikamba, lugha niliyolelewa nayo, kilibaki cha kadi za simu, zile za kukwaruza namba, tulizotumia kumpigia nyanya Jumapili. Siku nyingine za juma niliongea na mbwa.

Mama alikuwa ameingia kazi ya usiku, kwenye makao mengine ya wazee. Alifika asubuhi mimi nikiwa natoka kwenda shule. Tulikuwa tukipishana mlangoni, yeye ana baridi ya nje kwenye koti, mimi nina mkate mdomoni. Nikirudi, amelala. Akiamka, anajiandaa kwenda tena. Sasa wewe hesabu mwenyewe tulionana lini.

Jambo la goti nililiona kwanza barabarani. Mbwa alikuwa akikimbia vizuri, mara akanyanyua mguu mmoja wa nyuma, akaruka hatua kadhaa kwa mitatu, akausukuma ule mguu nyuma kama anayepiga teke hewa, kisha akaendelea na safari. Nilifikiri ni mchezo. Nilipomwonyesha mama alisema anaringa, ndivyo mbwa wa Wazungu walivyo. Lakini siku moja aliruka kutoka kwenye sofa, akatua kwenye sakafu ya jikoni, ile ya plastiki inayoteleza, akalia. Alilia kama mtoto. Mguu ulibaki umekunjika chini ya tumbo, na kila nikimgusa anatetemeka. Nilimwamsha mama. Aliteremka na kitambaa chake cha kulalia kichwani, akamwinua, akamshika mguu kwa vidole viwili, uso wake ukabadilika ukawa ule wa kazini.

"Hili goti liko mahali si pake," akasema.

Kwenye kliniki ya wanyama tulikaa kati ya mwanamke mwenye sungura na mwanamume mwenye mbwa mkubwa kama ndama. Daktari alikuwa msichana wa Kizungu, nywele zimefungwa kwa mpira. Alitueleza taratibu. Mbele ya goti kuna kifupa cha mviringo, kifuniko cha goti, na kazi yake ni kupanda na kushuka ndani ya mfereji mdogo kwenye mfupa wa paja kila mguu unapokunjwa na kunyooshwa. Mbwa wengi wadogo huzaliwa na mfereji wa kina kifupi. Basi kifuniko kinateleza, kinatoka, kinakaa upande wa ndani wa mguu. Mguu unakwama. Mbwa anaruka kwa mitatu, akiunyoosha nyuma kinarudi, na maisha yanaendelea mpaka kitoke tena. Akafanya ngumi kwa mkono mmoja na kuteleza kidole cha mkono wa pili juu ya vifundo ili tuone. Tatizo hilo lina ngazi nne, akasema. Ya kwanza, kifuniko hakitoki mpaka ukisukume. Ya nne, kimehama na hakirudi. Wetu alikuwa ngazi ya pili, kinahama chenyewe na kinarudi chenyewe, mara nyingi.

Halafu akasema jambo lililobaki kichwani mwangu njia nzima. Mbwa alikuwa mnene. Kila gramu iliyozidi ilikuwa ikikaa juu ya goti hilo. Apunguzwe uzito, misuli ya paja ikazwe ili ishikilie kile kifuniko, turudi baada ya miezi miwili. Kama hali itakuwa nzuri, tutaendelea hivyo hivyo. Kama itakuwa mbaya, itabidi apasuliwe, mfereji uchongwe uwe wa kina, na baada ya hapo akae kizuizini wiki nyingi akiangaliwa, asiruke, asipande ngazi, asiachwe peke yake muda mrefu.

Mama alisikiliza akiitikia kwa kichwa. Kwenye basi akanigeukia. Alisema nyumba hii haina mtu wa kukaa na mgonjwa wa miguu minne. Yeye halali vizuri kama ilivyo, mimi nina shule. Kwa nyanya mbwa akiwa na mguu mbaya anaishi na mguu wake mbaya, lakini hapa huwezi kumwacha aumie, watu wanaona, na hata yeye mwenyewe hangeweza. Kwa hiyo kama goti litakataa, atampigia mwana wa yule bibi aje amchukue, amtafutie watu wengine.

"Umenielewa?" akaniuliza.

Nikasema nimeelewa. Mbwa alikuwa ndani ya koti langu, moyo wake unapiga kifuani kwangu kwa kasi kama cherehani.

Basi nikaanza kazi. Sijawahi kufanya jambo lolote kwa bidii hivyo, hata mitihani. Nilichukua mikeka ya mpira ya bafuni nikaipanga jikoni ili asiteleze, njia nzima kuanzia mlangoni hadi kwenye bakuli lake la maji. Nilikata manyoya kati ya vidole vya miguu, kwa sababu manyoya hayo ndiyo yanayomfanya mbwa ateleze kama mtu aliyevaa soksi. Mito ya sofa niliisimamisha ili asipande. Ngazi nilimbeba, kupanda na kushuka. Chakula chake, zile punje kavu za pakiti, nilikipima kwa kikombe cha chai chenye ufa ambacho hakuna aliyekitaka. Asubuhi na jioni nilimlaza ubavu, nikamkanda paja taratibu kwa vidole, nikakunja mguu na kuunyoosha, nikakunja na kuunyoosha, mpaka anafumba macho. Nilimfundisha kuketi na kusimama, kuketi na kusimama, mazoezi ya askari. Kifuniko kikitoka, nilijua la kufanya. Unaunyoosha mguu polepole kuelekea nyuma, kidole gumba kinakaa upande wa ndani wa goti, unasukuma kidogo sana, na unakisikia kikiingia. Si sauti. Ni kitu unachokisikia kwa ngozi.

Na matembezi. Mafupi, kwa kamba fupi, hatua za polepole, kupanda kilima, bila kukimbia wala kugeuka ghafla. Hapo ndipo nilipogundua jambo la ajabu kuhusu mtaa wetu. Watu walionipita miezi yote bila kuniona sasa walisimama. Waliinama, wakamsalimia mbwa, wakauliza jina lake, umri wake, kwa nini anachechemea masikini. Kulikuwa na mzee mmoja aliyefanya kazi kiwanda cha magari kule Longbridge mpaka kilipofungwa, na sasa alitembeza mbwa wake mweupe mara nyingi kuliko mbwa alivyotaka. Yeye alifahamu hadi ngazi ya goti letu, na kila tukikutana aliuliza tumefikia wapi. Nilimjibu kwa maneno mawili matatu, akaelewa, akaitikia kwa kichwa. Halafu akamwambia mbwa kwaheri kwa jina, akaenda. Katika majira yote hayo ya baridi hakuna aliyeniuliza mimi naitwa nani. Kama ningepotea, polisi wangepata maelezo mazuri sana ya mbwa.

Sikuwachukia. Nilifikiri labda nami ningefanya hivyo. Mbwa ni rahisi kumsalimia.

Tatizo lilikuwa mizani. Nilikuwa nikipanda juu ya ile ya bafuni nikiwa nimembeba, halafu peke yangu, na kutoa tofauti. Wiki za mwanzo tofauti haikusogea. Nikafikiri ni mimi ninayebadilika. Nikapunguza kikombe kidogo. Tofauti ikaongezeka. Nikapunguza tena, na mbwa akawa na tumbo kama mto wa kuegemea. Goti likaanza kutoka hata akitembea polepole. Nililala nikiwaza, nikaamka nikiwaza. Nilisoma pakiti ya chakula mbele na nyuma. Nikafikiri labda ana ugonjwa mwingine ambao daktari hakuuona, na nikaogopa kumwambia mama, maana ungekuwa ugonjwa wa pili na mwana wa bibi angepigiwa simu siku hiyo hiyo.

Kisha ikafika zamu yetu ya ushirika. Kina mama wa Kikenya wa kanisa letu hukutana Jumamosi alasiri, nyumba hii leo, nyumba ile mwezi ujao, wanaimba, wanaomba, halafu wanakula mpaka maombi yanasahaulika. Wengi wao ni wauguzi au wanatunza wazee kama mama. Sebule yetu ilijaa makoti. Mama aliniambia nimfungie mbwa chumbani kwangu, nami nikamwomba nimshike tu mapajani kwenye kona, kwa sababu akifungiwa atapanda kitandani na kuruka. Akakubali bila kupenda.

Walimwona, wakaacha kuimba karibu wote kwa pamoja. Mama mmoja mnene anayefanya kazi hospitalini kule Bordesley Green, ambaye hucheka kabla ya kusema, akauliza kama yule ni mbwa au ni kofia. Mama ikabidi aeleze habari za goti.

"Ana daktari wa goti?" yule mama akasema. "Haki, mimi goti langu linalia kama mlango, na hakuna aliyenibeba ngazi."

"Wewe ubebwe na nani?" mwingine akamjibu. "Watu wangapi?"

Wakacheka wakashikana mabega. Mmoja, mkubwa kwao wote, alimwuliza mama kama akirudi nyumbani atamwambia mama yake kwamba ameishi na mbwa ndani ya nyumba, anakanyaga kapeti. Mama akacheka pia, akasema huyo si wake, ni wa mtoto. Aliposema hivyo hakuniangalia. Chakula kikaja, ndengu na chapati na kuku, mbwa akateleza kutoka mapajani pangu, na nikaona mikono ikishuka chini ya meza kutoka pande zote. Kipande hapa, kipande pale. Hawakuwa na nia mbaya. Katika nyumba hiyo hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyeweza kutafuna huku anaangaliwa na macho yale yenye maji. Nilitaka kusema tafadhali msimpe. Maneno yalikuwa tayari, yamepangwa kwa Kiswahili safi. Yalifika mpaka kwenye meno. Nikambeba mbwa, nikaenda kukaa naye kwenye ngazi gizani, tukisikiliza vicheko.

Pale ngazini nilijipa moyo kwamba nimepata sababu. Lakini ushirika ulikuwa siku moja tu. Siku moja hainenepeshi mbwa wiki baada ya wiki.

Jibu nililipata likizo ya katikati ya muhula, Februari, nilipokuwa nyumbani asubuhi. Nilishuka bila viatu. Jikoni nilisikia sauti ya mama, anaongea Kikamba, polepole, sauti ile ya jioni za kwa nyanya. Nikadhani amepiga simu mapema. Nikaharakisha ili nami nisalimie.

Simu ilikuwa mahali pake. Mama alikuwa ameketi mezani na koti lake, hajavua hata viatu. Mbele yake kulikuwa na sahani ya ndengu za jana na chapati, na mbwa yuko mapajani, ameweka miguu ya mbele juu ya ukingo wa meza kama mgeni anayeheshimiwa. Mama alikuwa akikata chapati, anachovya, anaweka kinywani. Anakata, anachovya, anampa mbwa. Na alikuwa akimsimulia. Usiku ule mzee mmoja wa kule kazini alifariki. Alikuwa akimwita mkewe aliyekufa zamani, na alipomwona mama amesimama kando ya kitanda akamwita mama kwa jina la huyo mke. Mama akaitika. Akaendelea kuitika mpaka mwisho, ameshika mkono wake. Sasa alikuwa akimwuliza mbwa kama amefanya dhambi ya uongo.

Mimi nilikuwa nimeishi naye karibu mwaka mmoja na nusu. Hakuwa ameniambia hata jina la mtaa anaofanyia kazi.

Miguu yangu ilikuwa baridi. Nilihisi vitu viwili kwa wakati mmoja na sikuweza kuvitenganisha. Nilimwonea mama huruma, na nilimwonea mbwa wivu mpaka nikatamani kumsukuma chini.

"Mama."

Akashtuka, akafunika chapati kwa kiganja, kama mtoto.

"Kwani umeamka?"

"Daktari alisema nini kuhusu chakula?"

Kwa nyanya singethubutu kumwuliza mtu mzima hivyo. Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Ni kidogo tu. Ananiangalia."

"Kila siku?"

Alivuta koti lake vizuri. "Mimi siwezi kumeza kitu na kiumbe kinaniangalia. Sikulelewa hivyo. Na wewe hukulelewa hivyo."

"Akinenepa goti linaharibika. Na wewe ulisema likiharibika anaenda."

"Nilisema."

"Basi unamfukuza kwa chapati."

Nilitegemea anikemee. Mbwa aliramba ukingo wa sahani, na hakuna aliyemkataza. Mama aliangalia mkono wake uliokuwa bado juu ya chapati. Alipozungumza hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

"Sasa mimi nile na nani?"

Nilimchukua mbwa mapajani pake, nikamweka kwenye mkeka wa mpira, nikapanda chumbani. Nilijifunika blanketi nikiwa na nguo zangu zote. Nilikuwa na hasira. Nilitaka kumwambia kwamba mimi pia hula peke yangu, mchana katikati ya vitabu, jioni mbele ya televisheni, na hakuna mtu anayeona ajabu. Ilinichukua siku nzima kufikiri hatua inayofuata, ambayo sasa naiona ndogo na ya wazi.

Shule zilipofunguliwa niliamka mapema kuliko ilivyokuwa lazima. Nilivaa sare, nikaweka chai, nikapasha chakula cha jana, nikakaa. Mama alifungua mlango, akaniona mezani na sahani mbili, akauliza kuna nini, nani amekufa. Nikasema hakuna. Akaketi. Chakula cha mbwa nilikuwa nimekiweka kando bila kumpa, na alipokaa tu mama nikakimimina kwenye bakuli. Hivyo sote watatu tukaanza kula pamoja, na hakuna aliyemwangalia mwenzake akila.

Siwezi kusema ilikuwa tamu. Asubuhi nyingi hatukuwa na la kuongea. Mama aliniuliza kwa Kiingereza kama nimefanya kazi ya shule, nikajibu ndiyo. Aliuliza kama nina marafiki, nikajibu ndiyo. Mbwa alimaliza punje zake mapema akaja kulia miguuni petu, na niliona mkono wa mama ukishuka, ukasimama hewani, ukarudi mezani peke yake. Mara nyingine haukurudi. Nilijifanya sioni, kwa sababu kipande kimoja si sahani nzima. Asubuhi moja nilimwuliza, kwa Kikamba, kama yule mzee aliyefariki alikuwa na watoto. Akaweka kikombe chini. Akajua nilisikia yote siku ile. Akanijibu kwa Kiingereza, maneno machache, kwamba alikuwa na binti lakini anaishi mbali. Halafu akanywa chai yake, na mimi nikakimbilia basi.

Ndani ya wiki chache mizani ikaanza kusogea upande uliotakiwa. Mbwa akapata kiuno. Goti lilipungua kutoka, na paja lake nikilikanda lilikuwa na kitu kigumu ndani, kama kamba mpya. Nilianza kuruhusu moyo wangu utulie. Hilo ndilo kosa, ukiutuliza moyo mapema.

Siku ya kurudi kliniki mama alikuja moja kwa moja kutoka kazini, macho mekundu, jina lake bado limebandikwa kifuani. Tulimpandisha mbwa kwenye mizani, na daktari akasema vizuri sana, akaniambia mimi, akanitazama usoni. Akashika ule mguu, akaukunja, akaunyoosha, akasema goti limetulia kuliko alivyotarajia. Kisha akashika mguu wa pili. Akaukunja. Akarudia. Nikamwona akisukuma kidogo kwa kidole gumba, na nikajua kabla hajasema, kwa sababu kidole changu kinaufahamu mwendo ule.

La pili nalo limeanza. Alisema hutokea, mbwa hawa mara nyingi huzaliwa na mifereji yote miwili ya kina kifupi, na huu mguu ulibeba uzito wa mwenzake kwa muda mrefu. Upasuaji si lazima sasa. Huenda usiwe lazima kamwe, huenda ukawa. Yote tuliyokuwa tukiyafanya kwa mguu mmoja tuyafanye kwa miwili, na uzito usirudi. Hakuna siku atakayotuambia kwamba amepona. Ni jambo la kuishi nalo.

Mimi sikumwangalia daktari. Nilimwangalia mama. Masharti yake ya kwenye basi nilikuwa nayakumbuka yote, na sikujua hali hii ilikuwa upande gani wa masharti. Goti halikukataa. Wala halikukubali. Nilitafuta sentensi ya kumwambia, kwa lugha yoyote kati ya tatu, na nikakuta zote zimefungwa. Mama alivua mkoba begani, akauweka kwenye kiti. Alivua pete yake. Alinawa mikono kwenye sinki la daktari bila kuomba ruhusa, mpaka juu ya vifundo vya mikono, kama wanavyonawa kazini kwake.

"Nionyeshe na mimi," akamwambia daktari. "Huyu mtoto yuko shule mchana. Kikitoka akiwa shuleni, nifanye nini?"

Daktari akachukua kidole gumba cha mama akakiweka upande wa ndani wa goti. Mama alikosea mara ya kwanza, alisukuma kwa nguvu, mbwa akatoa sauti, na nikasema, "Taratibu, mama, usukume kidogo sana." Nilisema kwa sauti ambayo watu wote chumbani waliisikia. Akajaribu tena. Nikaona uso wake ulipokisikia kikiingia. Hakuniambia mbwa anabaki. Hakuna aliyewahi kulisema.

Tulipotoka alimbeba yeye, ndani ya koti lake la kazi, na kwenye basi alilala kabla hatujafika kituo cha pili, kichwa kwenye kioo, mbwa naye amelala chini ya kidevu chake. Mimi nilikaa kiti cha upande wa pili wa njia kwa sababu hapakuwa na nafasi karibu nao. Nilikuwa na furaha, nadhani ilikuwa furaha. Nilishika kamba ya mbwa mkononi, haina mbwa, na nikahesabu vituo ili nijue pa kuwaamsha.